Barua ya Kuhamia Chuo Kingine Si Amri ya Uhamisho

Askari hulizoea neno uhamisho tangu siku za mwanzo za utumishi wake. Amri hushuka kutoka makao makuu, jina lake husomwa, naye hufunga mizigo na kwenda Moroto, Kasese au Arua pasipo kuuliza kwa nini. Hivyo ndivyo utumishi wetu unavyokwenda, na hivyo ndivyo unavyopaswa kwenda. Tena nyuma ya amri hiyo huwa kuna gari la kumchukua, kuna mahali pa kulala, na kuna mshahara unaomfuata huko aendako.

Lakini siku hizi kuna uhamisho wa namna nyingine uliokwisha ingia katika kambi zetu na katika vituo vyetu vya polisi, nao hauna hata moja ya sifa hizo. Mtoto wa askari yumo katika mwaka wa pili wa chuo kikuu. Ameomba nafasi katika chuo kingine chenye jina kubwa zaidi, au kilicho karibu na Kampala, au kilicho ng'ambo. Siku moja barua inafika: amekubaliwa kuhamia huko, na anatakiwa ajibu na kulipa sehemu ya karo katika muda wa majuma machache. Nyumba nzima inafurahi. Majirani wanakuja kutoa pongezi. Na mzazi, ambaye maisha yake yote amezoea kutii karatasi yenye muhuri, anaanza kutafuta mkopo siku ile ile.

Madhumuni ya makala haya ni kusema jambo moja tu. Barua ya chuo si amri ya uhamisho. Ni ahadi yenye masharti, inayotoka kwa mtu anayetaka kukuuzia kitu, nawe una haki kamili ya kuipima, kuihoji, kuomba irekebishwe, na hata kuikataa bila aibu yoyote. Kuikataa si kushindwa. Mara nyingi ndiyo busara yenyewe.

Yafaa kwanza tukumbuke jinsi mambo haya yalivyokuwa zamani. Kuanzia mwaka 1963 hadi mwaka 1970, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa vyuo vya Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Kijana wa Uganda aliyetaka kusoma sheria alikwenda Dar es Salaam. Aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi. Na kijana wa Kenya au Tanzania aliyetaka udaktari alikuja Makerere. Vijana hao walivuka mipaka kwa sababu elimu waliyoihitaji ilikuwa kule, wala haikuwa nyumbani. Huo ndio msingi mwema wa kuhama. Mtu huhama kwa ajili ya kitu asichoweza kukipata mahali alipo. Kuhama kwa ajili ya jina lililoandikwa juu ya lango ni jambo jingine kabisa.

Sasa tuipime barua yenyewe. Katika shule ya maofisa kadeti mtu hufundishwa kwamba kabla ya kutoa uamuzi hana budi kwanza kuipima hali: lengo ni lipi, njia zilizopo ni zipi, vizuizi ni vipi, na akiba ya risasi na chakula itatosha kwa siku ngapi. Kamanda asiyeuliza swali hilo la mwisho huwafikisha watu wake mbele kisha hushindwa kuwarudisha. Mzazi anayeshika barua ya chuo mkononi ni kamanda wa namna hiyo, naye ana maswali matatu ya kuuliza.

Swali la kwanza: Je, masomo aliyokwisha kuyasoma mtoto yatahesabiwa mangapi? Katika vyuo vyetu masomo hupimwa kwa krediti, na krediti moja huwa sawa na saa 15 za kufundishwa darasani katika muhula mmoja. Chuo kinapompokea mwanafunzi kutoka chuo kingine, hakilazimiki kuzikubali krediti zake zote. Huangalia somo kwa somo kama yaliyofundishwa kule yanafanana na yanayofundishwa hapa. Huangalia na alama alizopata. Tena kila chuo huweka kikomo cha krediti za nje, kwa kuwa hakipendi kutoa shahada yake kwa mtu aliyesomea kwingine sehemu kubwa ya masomo. Kwa hiyo mwanafunzi anayejiona yuko mwaka wa tatu aweza kufika huko akaambiwa yuko mwaka wa pili. Barua ya kukubaliwa mara nyingi hainyamazi tu juu ya jambo hili, bali huandikwa kwa furaha nyingi hata msomaji asikumbuke kuuliza.

Swali la pili: Je, gharama yote itakuwa kiasi gani mpaka siku ya kuvaa joho? Angalieni nimesema gharama yote, wala si karo ya muhula wa kwanza. Pamoja na karo kuna ada za usajili, za mitihani, za maktaba, za utafiti, na nyingine ndogo ndogo ambazo zikijumlishwa si ndogo tena. Kuna chumba, chakula na nauli. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tufungue daftari tufanye hesabu ya mfano. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu. Kila mtu aweke zake.

Tuseme binti wa sajini wa polisi amemaliza miaka miwili katika kozi ya miaka mitatu. Karo ya chuo alipo ni shilingi 1,400,000 kwa muhula, na chumba na chakula ni shilingi 250,000 kwa mwezi, kwa miezi minne ya kila muhula. Mihula iliyobaki ni miwili. Akibaki, karo ni shilingi 2,800,000 na maisha ni shilingi 2,000,000. Jumla ni shilingi 4,800,000. Chuo kipya kilichoko mjini kinatoza shilingi 1,800,000 kwa muhula, lakini kimemwandikia kwamba amepewa punguzo la robo ya karo. Punguzo hilo ndilo lililowafurahisha watu wa nyumbani. Ukiisoma barua hadi chini, utaona kwamba punguzo ni la mwaka wa kwanza peke yake. Tena katika krediti zake 80, chuo kipya kimekubali 50 tu, kwa hiyo imempasa arudie mwaka wa pili. Sasa mihula iliyobaki ni minne. Karo ni shilingi 7,200,000. Ukitoa punguzo la shilingi 900,000 hubaki shilingi 6,300,000. Maisha ya mjini kwa shilingi 350,000 kila mwezi ni shilingi 5,600,000. Jumla ni shilingi 11,900,000.

Tofauti ni shilingi 7,100,000. Na hapo bado hatujahesabu mwaka mzima ambao binti huyo angekuwa amekwisha maliza masomo na kuanza kutafuta kazi. Hivyo ndivyo punguzo linavyoweza kumfanya mtu alipe zaidi ya mara mbili. Sajini huyo aweza kusema bado inafaa. Ni haki yake. Lakini aseme hivyo baada ya kuiona hesabu, asiseme kabla.

Swali la tatu ndilo linalosahauliwa kuliko yote: Je, msaada wa fedha alionao mtoto sasa utamfuata? Hapa Uganda msaada huo huja kwa njia kadha wa kadha. Wako wanafunzi wa ufadhili wa serikali katika vyuo vikuu vya umma. Wako walio katika mpango wa mikopo ya serikali ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2014, mkopo ambao hulipa karo, ada za shughuli za chuo na za utafiti, lakini chakula na malazi huachiwa mwanafunzi mwenyewe. Naye huanza kuurejesha mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Wako wanaosaidiwa na wilaya, na makanisa, na misikiti, na vyuo vyenyewe. Misaada yote hii ina jambo moja inayoshirikiana: ilitolewa kwa mwanafunzi fulani, katika kozi fulani, ndani ya chuo fulani. Haina miguu. Mwanafunzi akiondoka, msaada haupandi naye basi.

Turudi kwa binti wa sajini. Ikiwa karo yake inalipwa kwa mkopo, basi akibaki mzazi atatoa mfukoni shilingi 2,000,000 tu za maisha. Akihama na mkopo usimfuate, mzazi atatoa zote 11,900,000. Kwa hiyo kabla ya kuijibu barua, ni lazima ofisi inayotoa msaada iandikiwe na iulizwe waziwazi: mwanafunzi huyu akihamia chuo hiki, katika kozi hii, msaada utaendelea, utapungua, ama utakoma? Jibu lipatikane kwa maandishi. Neno la karani lililosemwa dirishani halina nguvu siku ya kulipa.

Ndugu askari, nawaomba muusikilize vema ushauri huu kwa sababu sisi tuna hatari ambayo raia wengi hawana. Mshahara wetu hupita mahali panapojulikana, na vyama vyetu vya akiba na mikopo, Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi, viko tayari kutusaidia. Jambo hilo ni neema. Lakini wepesi wa kupata mkopo usigeuke kuwa sababu ya kuuchukua. Deni linalokatwa katika mshahara halisubiri mtoto amalize, wala halina huruma mtoto akishindwa mtihani. Laendelea kukatwa hata pale aliyehama anapogundua kwamba hakuhitaji kuhama. Na wadogo zake walioko shule ya msingi nao wana karo zao.

Waliopokea barua kutoka ng'ambo wazidishe uangalifu huo. Tuchukue Marekani, ambako vijana wengi hutamani kwenda. Msaada wa masomo unaotolewa na serikali kuu ya nchi hiyo umewekwa kwa raia wake, wakazi wa kudumu na makundi machache mengine. Mwanafunzi mgeni aliyeingia kwa viza ya masomo hayumo. Anachoweza kupata ni msaada wa chuo chenyewe, na vyuo vinavyotosheleza mahitaji yote ya mgeni ni vichache, hasa kwa anayehamia katikati ya kozi. Tena hati iitwayo I-20, ambayo bila hiyo viza haiombwi, hutolewa baada ya mwombaji kuonyesha ushahidi wa fedha za kutosha angalau mwaka wa kwanza. Wale wanaosema kwamba kijana atafika na kujilipia kwa kazi wanapotosha watu: wakati wa masomo huruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo, isizidi saa 20 kwa juma, na mshahara wa saa hizo haulipi karo ya huko. Na ajaye kwenu kama wakala, akadai fedha taslimu ili aharakishe barua, mjue huyo ni adui aliyevaa sare ya rafiki.

Katika nchi zetu jirani hali ni nafuu kidogo. Mwaka 2017 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza kwamba nchi wanachama ni eneo moja la elimu ya juu, kwa nia ya kwamba masomo na shahada za nchi moja zitambuliwe katika nyingine. Na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake hapa Kampala, ndilo linaloisimamia kazi hiyo. Ni hatua njema. Lakini kutambuliwa kwa masomo ni jambo moja, na kulipiwa karo ni jambo jingine. Mikopo ya serikali ya Kenya ni kwa Wakenya, na ya Tanzania ni kwa Watanzania. Mgeni huenda na mfuko wake.

Wapo watakaonijibu kwamba jina la chuo hufungua milango, na kwamba mtoto wa askari asinyimwe nafasi ya kukaa darasa moja na watoto wa wakubwa. Hoja hii si ya kudharauliwa. Ni kweli kwamba wako waajiri wanaotazama jina. Lakini mwajiri hutazama pia daraja la shahada, na mwanafunzi aliyefika mahali pageni katikati ya safari, akiwa na deni na wasiwasi wa karo, mara nyingi hushuka daraja. Shahada ya daraja la juu kutoka chuo cha mkoani, iliyokamilika kwa wakati na bila deni kubwa, ina heshima kuliko shahada ya chuo mashuhuri iliyoachwa nusu kwa kukosa karo. Jina la chuo halimsaidii mtu asiyekuwa na cheti mkononi.

Hata hivyo sisemi kwamba kila anayehama hukosea. Ziko sababu za kuhama ambazo mzazi mwema atazikubali bila kusita. Ya kwanza ni pale kozi yenyewe inapokuwa na kasoro. Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, ndilo linaloidhinisha kozi za vyuo, na idhini hiyo ina muda wake. Mwaka 2023 ulizuka mjadala mkubwa nchini baada ya kuonekana kwamba kozi nyingi, hata za vyuo vikubwa, zilikuwa zimepitwa na muda wa idhini bila kupitiwa upya. Mzazi na aulize Baraza kuhusu kozi ya chuo anachotoka mtoto, na vilevile kuhusu kozi ya chuo anachokwenda. Kwa masomo ya uganga, uuguzi na sheria, aulize pia chombo kinachotoa leseni ya kazi hiyo.

Sababu ya pili ni pale somo analolihitaji mtoto lisipofundishwa alipo. Ya tatu ni ugonjwa, au usalama wake, au dharura ya nyumbani isiyoepukika. Na ya nne ni pale chuo kipya kinapoahidi, kwa maandishi, msaada utakaofika hadi mwisho wa masomo, na hesabu ikaonyesha kwamba kuhama ni rahisi kuliko kubaki. Hapo asiogope mtu. Achukue nafasi hiyo kwa mikono miwili.

Ikiwa barua bado haijaeleweka, msinyamaze. Mwanafunzi amwandikie msajili wa chuo kipya barua ya adabu akiomba mambo manne: orodha ya masomo yatakayokubaliwa na idadi ya mihula itakayobaki, karo na ada zote za mihula hiyo, muda wa punguzo au ufadhili alioahidiwa, pamoja na alama anazopaswa kuzipata ili usikatwe, na siku za nyongeza za kujibu hadi majibu hayo yapatikane. Akiona msaada ni mdogo, aeleze hali ya nyumbani kwao na kuomba uongezwe, akiambatanisha hati ya mshahara ya mzazi. Kuuliza si ujinga, na chuo cha heshima hakikasiriki kuulizwa. Chuo kinachokataa kuandika kile kinachokisema kimekwisha kujibu. Na nafasi ya zamani isiachwe kwa barua ya kujiuzulu kabla majibu hayo hayajafika. Wengi wamejikuta wako nje kwa pande zote mbili.

Haya yote yanawahusu pia askari wanaosoma wenyewe. Ofisa au askari aliye katikati ya shahada aweza kuhamishwa kikazi kutoka Gulu hadi Mbarara, na hapo hushawishika kutafuta chuo kipya karibu na kambi. Kabla ya kufanya hivyo aulize kama chuo chake kina masomo ya mbali. Makerere, kwa mfano, ilianza kutoa shahada kwa njia hiyo mwaka 1991. Aulize pia kama anaweza kuahirisha muhula mmoja au miwili. Kuahirisha kwa kibali hulinda krediti zote, kuhama huzipunguza.

Mwisho ningependa kuwakumbusha wazazi kwamba anayesoma ni mtoto. Mketishe, mfungulie daftari, mwonyeshe mshahara wako kama ulivyo na makato yake yote. Wengi wetu huwaficha watoto hali ya fedha kwa kuona aibu, kisha tunashangaa wanapochagua kana kwamba fedha haina mwisho. Kijana aliyeonyeshwa ukweli mara nyingi huchagua kwa busara kuliko mzazi wake aliyelewa pongezi za majirani. Usiache mbachao kwa msala upitao. Barua na isomwe hadi mstari wa mwisho, hesabu ifanywe hadi muhula wa mwisho, na uamuzi ukishatolewa, wa kubaki au wa kwenda, familia nzima iusimamie kwa umoja kama askari wanavyousimamia mpango wa vita uliopimwa vizuri.